Kila Kilichogusa Jiwe

Tseikuru,
Jumatatu, 7 Machi 2022

Kwako mwanangu Wavinya,

Kabla sijasema lolote pokea salamu zetu, nazo nitazitoa mmoja mmoja usije ukasema nimeruka mtu. Mimi niko. Magoti yananisumbua asubuhi, lakini jua likipanda yanafunguka. Susu yako, nyanya wa hapa nyumbani, yuko. Masikio yamechoka lakini mdomo bado, na kila siku anauliza kama huko Nairobi mnapewa chakula au mnapewa tu chai. Muindi ndugu yako yuko, amekonda kwa kufuata mbuzi mbali maana nyasi zimeisha hata kule mtoni. Yvonne mke wake yuko, tumbo limekuwa kubwa, mwezi wa tano tutapata mgeni. Katoto kao Nyamai kako, kameota jino jingine na kananiuma nalo. Mbuzi wamebaki kumi na mmoja. Walikuwa kumi na sita, hiyo usiulize. Shangazi yako Kasyoka wa Kibwezi ni mzima, anasema huko nako wanangoja mvua kama sisi. Wote wanakusalimia, na baba yako mdogo Musyimi pia nimtie hapo, ingawa yeye hajanituma.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu inashika tu pale juu karibu na shule, na pale ukisema haloo watu watano wanakaa chini kusikiliza. Hii habari sitaki isikilizwe. Ukiona herufi zimelala vumilia. Mwalimu wa gumbaru, ile shule ya watu wazima, alitufundisha kuandika, hakutufundisha kunyoosha. Jonah wa basi amesema atakupa mkononi.

Sasa sikia. Jumanne iliyopita, saa kumi jioni, mbingu ilipasuka. Sisemi radi. Radi tungeifurahia. Ilikuwa kama lori limemwaga mawe juu ya mabati, na juu kukabaki mstari wa moshi. Mbuzi wakaruka boma. Muindi akalala chini, akaniambia baadaye alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Nilipotoka nikakuta mawe mawili kwa lile shamba langu la kunde. Moja ni kubwa kama ngumi mbili, jingine dogo kama kiazi. Nje ni meusi kama sufuria ya kuni. Yananuka kama lami ya barabara mpya.

Jana Mchungaji Ndeti alilihubiria hilo jiwe kutoka mwanzo wa ibada hadi mwisho. Ati ni jiwe la laana, ndilo limefunga mvua. Mimi nikajiuliza, mvua haijanyesha tangu mwaka jana na jiwe limekuja Jumanne, sasa limefungaje? Lakini mwanamke hasimami kuuliza. Baba yako mdogo Musyimi, kwa vile yeye ndiye mkubwa wa wazee wa kanisa, amesema livunjwe kwa nyundo na litupwe chooni.

Mimi nimekataa. Sijui kwa nini nimekataa, lakini nimekataa. Limeanguka kwa shamba langu, halikuanguka kwa la Musyimi. Na wewe uliniambia kazi yenu huko chuoni ni kupika mawe na udongo mjue kuna nini ndani. Basi niambie hili ni nini, na niambie upesi.

Mama yako,
Kaveke


Nairobi,
14 Machi 2022

Mwaitu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama kituoni, Jonah akaniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, kuna kimondo!

Mama, hilo ni jiwe kutoka juu, mbali kuliko mwezi. Na kama ni jeusi na linanuka lami, basi ni la aina ambayo watu wanatafuta miaka na miaka. Ndani ya mawe kama hayo wamewahi kukuta asidi amino. Usiogope jina. Ni vitu vidogo sana, vidogo kuliko vumbi, ambavyo mwili hujengwa navyo: nyama, maziwa, kunde, nywele zako. Vikikutwa ndani ya jiwe ambalo halijawahi kukaa na kitu chenye uhai, inamaanisha vilijitengeneza huko juu vyenyewe. Tasnifu yangu ni juu ya kuvipima, na hadi sasa nimekuwa nikipima unga wa jiwe la watu wengine, kidogo kama chumvi ya kuonja. Na wewe unayo mawili!

Lakini sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo watu huharibu. Vitu hivyo viko pia kwa mikono yetu, mate, udongo, mafuta, kila mahali. Ukiligusa, mashine itanionyesha wewe badala ya jiwe. Usiliguse kwa mkono. Usilioshe. Usilipake kitu. Lifunge kwa foili, ile ya kufunikia chakula, uliweke pakavu. Nitumie lile dogo kwa Jonah nianze nalo, na kijiko cha udongo wa pale lilipoanguka. Kubwa nitalifuata mwenyewe. Na uniandikie kila kitu kilicholigusa, hata kama ni inzi.

Usigombane na baba mdogo. Mwambie tu ni la shule.

Mwanao,
Wavinya


Tseikuru,
Jumapili, 27 Machi 2022

Mwanangu Wavinya,

Sisi wote wazima, wote niliowataja wako vile niliwataja. Mvua hakuna.

Namtuma Jonah na lile dogo. Foili nimepata kwa Bushra wa duka, alinikatia kipande kirefu na hakuuliza maswali. Udongo uko kwa chupa. Lile kubwa liko mahali pazuri, hata mimi mwenyewe nikilitaka ni lazima nifikirie kwanza.

Uliuliza kilicholigusa. Ni mbuzi tu. Yule jike mwenye pembe moja alililamba hilo dogo siku ya kwanza kabla sijamfukuza, maana lina chumvi. Zaidi ya hapo ni safi kabisa.

Leo niko nyumbani, magoti yamekataa. Ninasikia wanaimba kutoka hapa. Wanaimba vibaya, nani anawaongoza sijui.

Mama yako,
Kaveke


Nairobi,
3 Mei 2022

Mwaitu,

Sijui nianzie wapi, kwa hivyo naanza na kibaya.

Jiwe tulilisaga, tukalichemsha kwa maji, tukalipitisha kwa mashine. Nieleze mashine inaangalia nini. Asidi amino nyingi huja kwa namna mbili, kama viatu, cha kushoto na cha kulia. Kitu chenye uhai, mtu au mbuzi au kunde, hutumia za kushoto karibu peke yake. Lakini zile zilizojitengeneza ndani ya jiwe huja jozi, kushoto na kulia sawasawa. Mama, jiwe lako limetoa kushoto, kushoto, kushoto, na juu yake mafuta na kitu kama sabuni. Mbuzi mmoja hawezi kufanya hivyo. Dakta Haroun, mwalimu wangu, hakunigombeza. Alisema tu, "Hili limeharibika, tafuta kitu kingine cha kuandika." Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Halafu jana shangazi Kasyoka akanipigia kutoka Kibwezi akilia. Kumbe umetengwa kanisani tangu mwezi wa tatu! Kumbe si magoti! Akina mama wa kikundi chako hawakusalimii kisimani. Na mimi huku ninakuandikia habari za foili.

Mama, ulifanya nini? Wamekufanya nini?

Wape hilo jiwe. Nasema kweli. Wape walivunje walitupe wanakotaka. Umeimba kwa kanisa hilo miaka thelathini, sitaki ubaki peke yako huko kwa sababu ya tasnifu yangu. Nitatafuta kitu kingine.

Wavinya


Tseikuru,
Jumatano, 11 Mei 2022

Wavinya,

Leo salamu zitakuwa fupi kwa sababu nina hasira, lakini Yvonne amejifungua msichana, wote wazima, anaitwa Nthenya. Hiyo ni ya furaha, iweke kando, sasa turudi kwa hasira.

Usiniambie niwape. Wewe ni mtoto wangu, hujawa mzee wa kanisa. Hasira yangu nyingine ni kwangu mimi, kwa sababu nilikudanganya, na kwa uongo huo nimeharibu kazi yako. Sasa nitasema yote.

Jumapili ile baada ya barua ya kwanza, walikuja hapa wakitoka ibadani. Mchungaji Ndeti, Musyimi, na wengine wanne. Walikuwa na nyundo ya kuvunjia kokoto na chupa ya mafuta ya kupikia yaliyoombewa. Lile dogo lilikuwa mezani kwa sababu watu wa njiani walikuwa wanakuja kuliona, na kila mmoja alilishika, hata Nyamai alilitia mdomoni. Wakalitoa nje. Ndeti akalimwagia mafuta, mengi, mafuta ya wali wa watu kumi. Musyimi akainua nyundo.

Nikalikalia.

Ndiyo, nililikalia, na rinda langu la kanisa. Musyimi akasema, "Shemeji, ondoka." Nikamwambia, "Piga." Akasema, "Shemeji, watu wanatuangalia." Nikamwambia, "Basi piga vizuri." Akabaki na nyundo juu, kisha akaiteremsha. Hakuna mwanaume angenishika kuniinua, mjane wa ndugu yake, mbele ya watu. Nilikaa hapo hadi wakaenda. Nilipata doa ambalo halitoki.

Ndipo wakanitenga. Wakaandika kwa kitabu chao kwamba nimekalia dhambi. Hata mimi nilicheka hapo kidogo.

Sasa barua yako ikaja, usiliguse, usilipake. Nami nikaliangalia lile jiwe linang'aa mafuta kama andazi. Nikasema, mtoto wangu ataaibika mbele ya walimu, wataona mama yake ametuma kitu kichafu. Nikaliosha. Kwa sabuni ya mche, kwa brashi ya viatu, kisha nikalifuta kwa leso. Lilitoa matope meusi, likapungua mkononi mwangu, nikaogopa nikaacha. Ulisema usilioshe na mimi nikaliosha. Nilifikiri unasema hivyo kwa sababu hujui ni chafu kiasi gani.

Basi hiyo ndiyo orodha. Mbuzi. Mikono ya watu kama ishirini. Mdomo wa Nyamai. Mafuta ya Ndeti. Rinda. Sabuni, brashi, leso. Hakuna tena, hata inzi nimemfikiria.

Lakini lile kubwa ni kitu kingine. Siku ile lilipoanguka niliogopa kuchomeka, si lilikuwa limetoka kwa moto? Nikaliinua na jembe. Nikalipeleka hivyo hivyo hadi jikoni, nikalisukuma na jembe ndani ya chungu cha mbegu, kati ya kunde zangu za kupanda, nikalifunika na jivu. Mimi kitu ninachotaka kukikuta kesho ninakiweka hapo. Mdudu haingii, panya haingii. Wazee waliporudi kulitafuta walitafuta chini ya kitanda, darini, hata kwa kuku, lakini unajua hapa kwetu hakuna mwanaume anatia mkono kwa chungu cha mbegu cha mwanamke. Musyimi alikiangalia, akaniangalia, akapita. Hakuna mkono umeligusa hilo, wangu wala wa mtu.

Wamenipa hadi Jumapili ya tarehe ishirini na mbili. Nilipeleke mbele ya madhabahu nitubu, au nitengwe kabisa na jina langu lifutwe. Sipeleki. Njoo ulichukue wewe.

Mama yako,
Kaveke


Nairobi,
Jumatatu, 16 Mei 2022

Mwaitu,

Nimempa Dakta Haroun barua yako aisome. Nisamehe, nililazimika. Alicheka hadi akavua miwani, kisha akaisoma tena kutoka mwanzo. Akasema amefanya kazi hii miaka mingi na hajawahi kupata mtu aliyemwandikia ukweli wote wa jiwe. Watu humwambia "ni safi" basi. Anasema sasa jiwe linaweza kupimwa, kwa sababu kila ulichoandika tunaweza kukipima peke yake na kukitoa. Na jivu limepita motoni, chenye uhai ndani yake kimeungua. Hakuna mahali pazuri ungeliweka kuliko hapo.

Niwekee hivi: mafuta kidogo kama yale, kipande cha sabuni, manyoya ya yule mbuzi. Jivu na kunde chache za chungu hicho nitachota mwenyewe. Usikifungue hadi nifike.

Nakuja Jumamosi na basi la usiku. Jumapili ukisimamishwa, nitasimama na wewe.

Wavinya


Nairobi,
6 Julai 2022

Mwaitu,

Susu anaendeleaje? Na katoto Nthenya kamefungua macho vizuri? Nyamai ameacha kuuma watu?

Keti kwanza. Umeketi?

Tulilipasua lile kubwa, tukachukua ya katikati peke yake. Nilikaa mbele ya mashine nikashindwa kula. Mama, zilikuja jozi. Kushoto na kulia, kushoto na kulia, sawasawa, kama viatu vipya vikiwa vimepangwa dukani. Na kuna moja ambayo katika vitu vyenye uhai hapa kwetu ni nadra sana, na kwa jiwe imejaa. Tulipima udongo wa shamba lako, haimo. Jivu, haimo. Kunde, mafuta, sabuni, mbuzi, haimo. Dakta Haroun aliniambia nirudie mara tatu. Nikarudia mara tatu. Bado watu wa maabara nyingine watapima nao kabla hatujasema kwa sauti, lakini mimi na wewe tunaweza kusema kwa sauti ndogo: zilitoka juu. Zilikuwa ndani ya hilo jiwe kabla ya kuwa na mtu yeyote duniani.

Sasa ninakuomba kitu kimoja. Jiwe liko hapa, salama, hawawezi kulifikia. Jumapili ile tulisimama pamoja na bado wakafuta jina lako. Ile karatasi waliyokuletea baada ya mimi kuondoka, ile ya kusema umetubu kwa kuficha jiwe la shetani, itie sahihi. Ni maneno tu. Urudi kwa kikundi chako, uimbe. Jiwe limeshapona, haitaliumiza.

Mwanao anayekupenda,
Wavinya


Tseikuru,
Jumatatu, 18 Julai 2022

Kwako Wavinya mwanangu,

Susu yuko, nilimsomea barua yako karibu na sikio, akasema alijua. Alijua nini, hakusema. Muindi yuko, ameuza mbuzi wawili kabla hawajafa wenyewe. Yvonne yuko. Nthenya amefungua macho na analia kwa nguvu ya mchungaji. Nyamai bado anauma. Mvua ilikosa kabisa msimu huu, na jiwe liko Nairobi, kwa hivyo watu wanatafuta mwingine wa kulaumu.

Karatasi sikutia sahihi. Unasema ni maneno tu. Mimi nilijifunza kuandika jina langu nikiwa na miaka hamsini na moja, mwanangu, kwa kipande cha chaki, na mwalimu mdogo kuliko wewe. Sitaanza kuliweka chini ya uongo.

Lakini sikukaa nyumbani pia. Jana nilivaa rinda, hilo hilo lenye doa, nikaenda. Nikakaa benchi ya mbele upande wa akina mama, mahali pangu. Musyimi akaja, akainama, akasema polepole, "Shemeji, jina lako limefutwa." Nikamwambia, "Limefutwa kwa kitabu. Mimi niko kwa benchi." Akasema ibada haitaanza nikiwa hapo. Nikamwambia, "Basi tungoje."

Tukangoja. Saa nne ikapita. Wakaenda nje wakaongea, wakarudi. Saa tano ikapita. Watoto wakaanza kulia njaa. Mimi nilikuwa nimejua, nilibeba muthokoi, mahindi ya kukoboa, kwa kikopo, nikakifungua nikala kidogo, kwa heshima. Mama mmoja nyuma yangu akacheka kwa pua, yule tulikuwa tunateka maji pamoja kabla ya haya yote. Kisha akahama kutoka benchi yake akaja kukaa na mimi, akaniambia, "Nipe na mimi, Kaveke, nimechoka kuchukia na njaa." Wa pili naye akaja. Hawakuja wote. Wengine bado wamenipa mgongo, na Yvonne anasema kuna waliosema nimelogwa.

Ibada ilianza saa sita.

Ndeti alihubiri haraka. Alipomaliza akaniita nisimame, nikajua sasa ni kunitoa. Lakini akaniuliza mbele ya watu wote, na sauti yake haikuwa ya kugomba, ilikuwa ya mtu ambaye hajalala vizuri: "Mama Wavinya, msichana wako amekuta nini ndani ya lile jiwe?" Nikamwambia, amekuta vitu ambavyo nyama inajengwa navyo, na vilikuwako kabla ya mtu. Kanisa likanguruma. Musyimi akasema hiyo ni kukana uumbaji. Nikamwambia, mimi nikijenga nyumba ninakusanya mchanga kwanza, huoni mchanga umekaa hapo nje mwaka mzima kabla fundi hajaja? Mbona Mungu hawezi kukusanya?

Ndeti akauliza, "Vilikuwako muda gani kabla? Na ni nani alisema, ni mashine au ni mtu?" Hapo sikujua. Sikutaka kudanganya tena, ile moja ilinitosha. Nikamwambia anipe hadi Jumapili, nitamletea jibu la kuandikwa, na nitalisoma mwenyewe, nimesimama.

Akasema sawa. Musyimi hakusema sawa, lakini yeye si mchungaji.

Kwa hivyo niandikie. Andika kubwa kubwa, uache nafasi kati ya mistari, na maneno magumu uyaweke machache maana nitasoma kwa sauti. Mpe Jonah kabla ya Ijumaa. Usichelewe, Wavinya, nimeshawaambia wanaongoja pale kanisani kwamba inakuja.

Mama yako,
Kaveke